Mkeka Husukwa Siku Ngapi?



Kila Ijumaa Kuu, tunaposomewa Mateso kadiri ya Yohane, kuna jambo dogo ambalo masikio yetu hulipita upesi. Askari waligawana mavazi ya Bwana mafungu manne, lakini walipofika kwenye kanzu walisita. Haikuwa na mshono. Ilikuwa imefumwa nzima toka juu. Wakaona ni hasara kuipasua, wakaipigia kura. Mtakatifu Sipriano aliiona katika kanzu ile ishara ya umoja wa Kanisa, na ndivyo tunavyofundisha hata leo. Mimi juma hili nimeshikwa na swali lililo chini zaidi ya hapo: ni nani aliyeifuma? Mwinjili hasemi. Mapokeo ya kale ya waamini yanamtaja Mama Maria. Iwe ni yeye au mwanamke mwingine wa Galilaya, mikono fulani ilihangaika siku nyingi juu ya nguo ile, na hata watu waliokuwa katika kazi ya kuua walipoishika waliijua thamani yake.

Swali hili limenijia kwa sababu ya mikeka. Watoto wetu wa Utoto Mtakatifu wameongezeka, nao hukaa chini kwenye sakafu wakati wa mafundisho. Halmashauri ya Walei ililijadili jambo hilo, na mapendekezo yalikuwa mawili: kununua mikeka ya plastiki Kariakoo, au kumwagizia bibi mmoja wa jumuiya zetu za huku Mbagala, ambaye husuka ukili tangu utoto wake. Bei ya bibi ilionekana kubwa. Mjumbe mmoja, mtu mwema na mchapakazi, aliuliza kwa nini tulipe kiasi hicho kwa majani tu. Hakuna aliyemjibu. Basi siku iliyofuata nilikwenda kwa bibi mwenyewe, nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamwomba anionyeshe hayo majani.

Kwanza kabisa, ukindu haupatikani tena hapa kwetu kama zamani. Mabonde alikokuwa akikata makuti machanga ya mkindu akiwa msichana sasa yamejaa nyumba, na ukindu wake mwingi huletwa kutoka Rufiji, naye huununua kwa fedha taslimu. Huanikwa juani mpaka weupe wake utokee. Kisha huchanwa kuwa chane nyembamba, zote za upana mmoja, maana chane moja ikizidi mkeka wote utaonekana umepinda. Zile za rangi huchemshwa sufuriani na rangi ya unga. Ndipo kusuka kunapoanza: chane hupishana juu na chini, mkono wa kulia na wa kushoto, na ukanda unaotoka ndio ukili. Hupimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Ukili ukitosha, hushonwa ukingo kwa ukingo hadi upana wa mkeka utimie, tena kwa namna ambayo nakshi za ukanda mmoja zinakutana na za mwenzake. Bibi hana karatasi yenye mchoro. Nilimwuliza anajuaje mahali pa kuingiza chane nyekundu, akacheka, akasema mkono unajua.

Alikuwa ameketi na dada yake, ambaye ni Mwislamu, kama zilivyo familia nyingi za Kizaramo. Wanasuka pamoja kila alasiri. Ukili wa donge lile lile unatoa mkeka wa jumuiya yetu na msala wa mpwa wao anayeswali msikitini. Sikuona kwamba jambo hilo linawashangaza hata kidogo.

Lugha yetu, kwa hekima yake, haichanganyi kazi hizi. Tunasuka mkeka na nywele, tunafuma nguo. Na kufuma nako kulikuwapo pwani yetu. Neville Chittick, aliyechimba magofu ya Kilwa na kuchapisha taarifa yake mwaka 1974, alikuta humo vigurudumu vya kusokotea uzi, vingi vikiwa vimechongwa kutoka vigae vya vyungu. Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu mwaka 1331, aliandika kuhusu nguo zilizofumwa huko na kupelekwa hadi Misri. Katika karne ya 19 vitambaa vya viwandani vilishuka Unguja kwa wingi, hasa ile nguo nyeupe ambayo hata leo tunaiita merikani kwa sababu ilitoka Marekani. Ilikuwa rahisi, na vitanda vya mfumi vikaanza kunyamaza. Mkeka ulisalia, kwa kuwa hakuna meli iliyoleta kitu cha kuukalia mahali pake. Leo plastiki imekuja.

Katika Marekani hiyo hiyo wako watu wanaoitwa Wanavajo, ambao wanawake wao ni wafumaji mashuhuri wa mablanketi ya sufu. Wao husimulia kwamba ufundi huo walifundishwa na Mwanamke Buibui. Nao walipitia jaribu linalofanana na letu: mablanketi ya kiwandani yalipofika, yale yao ya kuvaa yalikosa soko, wakageukia kufuma mazulia kwa ajili ya wageni. Wafanyabiashara walikuwa na desturi ya kuyanunua kwa uzito. Mama alifuma miezi kadhaa, akachukua zulia lake dukani, likawekwa kwenye mizani kama gunia la sufu. Kila nikilifikiria hilo nakumbuka yale maneno, majani tu.

Lakini wapo waliokaa chini wakajifunza. Wafransisko walifika kwa Wanavajo mwaka 1898, na mwaka 1910 walichapisha kamusi kubwa ya lugha na maisha ya watu wale, ambamo kazi ya kufuma imeelezwa pamoja na majina ya vyombo vyake. Baadaye mtaalamu Gladys Reichard alikwenda kuishi na familia moja ya Wanavajo, na badala ya kuuliza maswali tu alijifunza kufuma kwa mikono yake, chini ya walimu wanawake. Kitabu chake kilitoka mwaka 1934. Sisi tunaye Padre Charles Sacleux, wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyefika pwani hii mwaka 1879 akaisikiliza kwa makini lugha ya watu wa Bagamoyo na Unguja, akakusanya na mimea yao. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa Paris kati ya 1939 na 1941. Napenda kuwaza kwamba mapadre hao walipata baadhi ya maneno yao wakiwa wamekaa karibu na mama asiyejua kusoma.

Na jirani zetu wa Msumbiji walikuwa na Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefariki mwaka 2014. Alichunguza mikoba ya sipatsi inayosukwa Inhambane. Wanahisabati wanajua kwamba nakshi inayojirudia katika ukanda inaweza kuwa na ulinganifu wa namna saba tu, wala hakuna ya nane. Gerdes alizikuta zote saba kwenye mikoba ile. Wasusi hawakuzisoma popote. Walizihesabu kwa vidole. Tangu nilipolijua hilo, ukili wa bibi ninautazama kwa heshima ambayo zamani niliiweka kwa ajili ya vitabu.

Turudi kwenye bei. Bibi huchukua mwezi na zaidi kwa mkeka mmoja mkubwa, ukiondoa siku za msiba na za shamba. Tulikaa tukapiga hesabu pamoja: tukatoa ukindu, tukatoa rangi, tukagawa kilichobaki kwa siku za kazi. Kwa siku moja kilikuwa chini ya nauli ya daladala ya kwenda Kariakoo na kurudi. Mchuuzi anayepita nyumbani kwake hutaka hata hicho kipungue. Tunahubiri, tena kwa sauti, kwamba ujira wa mfanyakazi uliozuiliwa unamlilia Mungu. Mtakatifu Yakobo ameliandika wazi. Sidhani kama alikuwa na wenye mashamba makubwa peke yao akilini.

Niliipeleka hesabu ile kwa Halmashauri, nikaisoma bila kuongeza neno. Walinyamaza kidogo. Yule mjumbe aliyeuliza kuhusu majani ndiye aliyependekeza tuagize mikeka sita kwa bei ya bibi, na ukindu tulipie mapema ili asikope. Fedha hazitoshi yote kwa mara moja, hivyo mitatu itakuja kabla ya Majilio na mitatu baada ya Pasaka. Watoto wengine wataendelea kukaa sakafuni kwa miezi hiyo.

Bibi amekubali, kwa sharti moja: wasichana na wavulana wa Utoto Mtakatifu waende kwake Jumamosi saa tisa alasiri, baada ya mafundisho, wakae naye na dada yake. Hataki waje na daftari. Wazazi, anawaomba msiwakate kucha fupi mno juma hili, kwa sababu ukindu huchanwa kwa ukucha wa kidole gumba.