Betri ya laptopu ikivimba, usiitupe kwenye moto

Mwaka jana ile sehemu ya kupapasa kwa kidole kwenye laptopu yangu iligoma kubonyezeka. Nikadhani ni vumbi la barabarani. Kumbe betri ilikuwa imevimba chini yake. Kila siku nilikuwa naiacha juani kwenye pikipiki, na joto huharibu betri za lithiamu.

Ukiona dalili hiyo, au mfuniko wa chini umetuna, zima mashine, chomoa chaja, mpelekee fundi. Usiitoboe wala kuikandamiza. Betri iliyotolewa mwachie fundi; usiitupe kwenye shimo la taka, maana ikichomwa inaweza kulipuka. Mimi nilibaki kidogo niitupe huko, na nyumbani kwangu anayechoma taka ni mwanangu.