Nauli Moja, na Bei ya Macho Yako



Kijana mmoja wa bodaboda aliniuliza: "Pasta, mtu akinipa nauli mara tano nimpitishe mgeni usiku kwa njia ya panya, akwepe kizuizi cha polisi, hiyo ni dhambi? Si kazi yangu ni kubeba abiria?"

Nikamwambia: nauli ni moja. Hizo nne za juu ni bei ya macho yako. Unalipwa usione.

Mpendwa, tukisikia "mpaka" tunafikiria Kiunga, mbali na sisi. Mpaka wetu na Somalia unazidi kilomita 600, na upande wa Lamu kuna msitu wa Boni. Mwaka wa 2023 serikali ilitangaza kuufungua hatua kwa hatua, kisha ikaahirisha baada ya mashambulizi. Lakini anayevuka habaki msituni. Anahitaji pikipiki, chumba cha kupanga, na afisa wa kupokea kitu kidogo. Hao ni sisi. Tusisahau Mpeketoni, Juni 2014: zaidi ya watu 60 waliuawa.

Soma Luka 3. Askari walimwendea Yohana wakauliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi. Aliwakataza kuwaonea watu, akawataka watosheke na mshahara. Ndugu yangu unayesimama kizuizini, ukipokea noti leo, hujui umempitisha nani. Na ukimnyanyasa asiye na hatia kwa sababu ya sura yake au jina lake, umemkosea Mungu vilevile.

Maana si kila mgeni ni adui. Mathayo 2 inatuambia Yusufu alimchukua mtoto na mama yake usiku, wakakimbilia Misri. Vijana wa Ethiopia wanaokamatwa wakiwa wamesongamana ndani ya malori, wengi wanatafuta kazi Afrika Kusini. Anayetajirika ni wakala. Mgeni akibisha kwako, mpe maji, mpe chakula, kisha msaidie mchana, kwa njia iliyo wazi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa anayekimbia hatari nafasi ya kuomba hifadhi. Wema hauhitaji giza.

Tena, tusiwatazame majirani zetu Waislamu kwa jicho baya. Desemba 2015, basi la Mandera lilivamiwa karibu na El Wak. Wauaji walitaka Wakristo watengwe. Abiria Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Hakuwa na bunduki, lakini siku ile yeye na wenzake ndio waliokuwa ulinzi wetu.

Wiki hii ukiwekewa pesa mkononi, jiulize: nalipwa kwa kazi, au nalipwa nisione?

Baba, walinde walinzi wetu, wahurumie wanaokimbia, na utupe mikono isiyonunuliwa. Kwa jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA.