Mpeleke Mwanao Mombasa Akaionje Bahari

Je, mwanao ameiona bahari? Usiharakishe kujibu. Kuiona katika televisheni si kuiona. Nakuuliza kama ameisikia ikivuma, akaikanyaga kwa miguu yake na kujua ladha ya maji yake.

Sisi tunaoishi mtaa wa Iftin hapa Garissa tunaujua mto. Tana tumeuzoea kama jirani: ukikauka tunaulalamikia, ukifurika tunaukimbia. Bahari ni jambo jingine. Mwaka jana binti yetu, mwanafunzi wa Gredi ya 5, aliandika insha darasani kuhusu siku ya ufukoni. Alieleza jinsi jua lilivyomchoma, akainama akanywa maji ya bahari, yakamburudisha, kisha akawatekea mbuzi nao wakanywa. Darasa zima lilicheka. Jioni alirudi nyumbani kimya, na alipoulizwa alijibu neno moja tu: "Bahari ni ya watu wengine."

Neno hilo lilitukereketa. Nyanya yake, ambaye watoto humwita ayeyo kama ilivyo desturi ya Wasomali, ndiye aliyelikata shauri. "Mto wetu unakwenda wapi?" aliuliza. "Ufuateni."

Tuliufuata. Ukitoka Garissa unavuka daraja hadi Madogo, kisha unaelekea kusini kupitia Bura, Hola na Garsen. Huko Garsen mto hukuacha ukaenda zake baharini kule Kipini, nawe ukaendelea hadi Malindi na hatimaye Mombasa. Safari yote ni zaidi ya kilomita 400, kwa hiyo usafiri mchana, ufike, ulale, na siku yako ya matembezi ianze asubuhi ukiwa umepumzika. Msimu wa mvua uulizie hali ya barabara kwanza, kwani mafuriko ya El Nino ya 1997 na yale ya mwishoni mwa 2023 yaliikata. Wewe wa Nairobi una gari la moshi la reli mpya, lililoanza kubeba abiria mwaka 2017. Kumbuka tu kwamba kituo chake kiko Miritini, nje ya kisiwa, na utahitaji usafiri wa kukufikisha mjini.

Asubuhi: ngome na makombora

Anza na mahamri na mbaazi za nazi. Mtoto mwenye njaa haoni historia. Ukishashiba, nenda Ngome ya Yesu, ambayo wengi huiita Fort Jesus, kabla jua halijawa kali. Beba kitambulisho chako, kwa maana ada ya Mkenya si sawa na ya mgeni wa ng'ambo.

Ngome hii ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 ili kuilinda bandari. Usimkaririshe mtoto miaka yote. Msimulie kisa kimoja. Mwaka 1696 majeshi ya Oman yaliizingira. Waliokuwa ndani walikaa humo muda wa miezi 33, wakiuawa na vita, njaa na maradhi, hadi ngome ilipotekwa Desemba 1698. Siku chache tu baadaye merikebu za msaada zilifika, zikaona bendera ya wengine juu ya ngome, zikageuza. Wangu walinyamaza kabisa niliposimulia haya tukiwa tumesimama juu ya ukuta, tukitazama njia ileile ambayo watu wale waliikodolea macho kila siku.

Baadaye Waingereza waliigeuza kuwa gereza, tangu 1895 hadi 1958. Ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, na 2011 ikatiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ndani utaona vyombo vilivyoopolewa kutoka merikebu ya Kireno Santo Antonio de Tanna, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Lakini kilichowafurahisha zaidi watoto ni michoro ya merikebu na watu ambayo Wareno waliichora ukutani. "Kumbe hata wakubwa wanachora ukutani!" alisema mdogo wao, akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Kabla ya adhuhuri: Mji wa Kale

Ukitoka ngomeni, ingia Mji wa Kale kwa miguu kupitia Ndia Kuu. Tembea polepole. Waonyeshe watoto milango ya nakshi na roshani za mbao zilizotokeza juu ya barabara nyembamba. Wapitishe kwenye msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa mwaka 1570, kabla ngome haijawekwa jiwe la kwanza. Hapo wataelewa kwamba Mreno hakuukuta ufuo mtupu. Aliukuta mji wenye watu, dini na biashara zao, ambao wenyeji waliuita Mvita.

Teremka hadi karibu na Bandari ya Kale. Hapa ndipo majahazi ya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi yalipotia nanga kwa karne nyingi. Yalikuja na upepo wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, yakileta tende, nguo na mazulia. Kusi ilipoanza kuvuma baada ya Aprili yalirudi na pembe za ndovu, ngozi na boriti za mikoko. Waulize watoto: pembe na ngozi zilitoka wapi, ilhali kisiwani hakuna ndovu? Zilitoka bara, katika nchi kavu kama yetu. Niliona binti yangu akilitafakari jambo hilo.

Neno moja la adabu: huu ni mji wanamoishi watu, tena wenye staha zao. Vaeni mavazi ya heshima, toeni salamu, na msimpige mtu picha bila idhini. Ukimwona muuza kahawa na dele lake, keti kidogo. Kahawa chungu kwa wakubwa, kashata kwa wadogo.

Adhuhuri ikifika, tafuteni pilau au wali wa nazi kwa samaki, msali na mpumzike. Jua la saa saba mchana mwachie mwenyewe.

Alasiri: kivuko na ufuo

Mnamo saa tisa nendeni Likoni mkapande feri. Anayevuka kwa miguu halipi hata senti, na kwa mtoto wa bara hakuna burudani ipitayo hiyo. Washikeni mikono imara, kwani watu ni wengi. Mkiwa majini, mtazame mlango wa Kilindini, bandari mpya iliyochukua kazi ya ile ya kale kwa sababu ya kina chake. Meli zinazopita hapo hubeba shehena ya Kenya, Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo ya mashariki. Huenda hata mchele wa sufuria yenu ulipita njia hii.

Ng'ambo ya pili tulichukua tuktuk hadi ufuo wa Shelly. Uliza kwanza kama maji yanajaa au yanakupwa, wala usimwache mtoto aingie peke yake. Binti yangu alivua viatu, akasogea, akasimama. Kisha akainama, akateka maji kwa viganja viwili na kunywa kama alivyoandika katika insha. Aliyatema yote! Nilidhani atalia. Alicheka hadi akakaa mchangani. "Maskini mbuzi wangu!" alisema.

Halafu akauliza swali ambalo limefaa nauli yote: "Kama Tana inamwaga maji matamu kila siku, mbona bahari haigeuki tamu?" Tulimweleza kwamba mito huokota chumvi kidogo kidogo kutoka kwenye mawe na udongo. Jua huyapandisha maji ya bahari kuwa mvuke, chumvi ikabaki. Mvuke huwa mawingu, mawingu yakanyesha juu ya Mlima Kenya na Nyandarua, na huko ndiko Tana inakoanzia. "Basi maji haya yatakuja kwetu," alisema. Hakusema tena kwamba bahari ni ya watu wengine.

Rudini kisiwani kabla ya msongamano wa watu wanaotoka kazini. Malizieni siku Mama Ngina, penye mibuyu mikongwe. Nunueni mihogo ya kuchoma iliyopakwa ndimu na pilipili, na madafu ya kuteremshia, mkae mtazame meli zikiingia hadi jua litue. Hapo hakuna ada ya kiti wala ya upepo.

Msomaji wangu, si lazima ulale katika hoteli ya kitalii, wala usijaribu kuona kila kitu. Ngome, mtaa, feri na ufuo vinatosha siku moja. Watu husema tembea uone. Mimi naongeza: mtembeze na mwanao, maana anayesoma kitu asichokijua huishia kubahatisha, kisha akachekwa.

Binti yetu alirudi Iftin na chupa ya maji ya bahari, akaipakata njia nzima kama yai. Ayeyo alichovya kidole, akaonja, akakunja uso. "Kumbe huku ndiko anakokwenda," alisema, kana kwamba amepata habari za jamaa aliyepotea siku nyingi. Chupa ingali dirishani, na watoto wa jirani huja kuonja mmoja mmoja.