Chumba cha Oktoba

Wadau, kila mwaka ikifika Oktoba na Novemba mabasi yanashusha wanafunzi wapya Dodoma, na kila mwaka wanakutana na mji uleule: vumbi, upepo, miti imekauka, makorongo yamejaa mchanga ambao watoto wanachezea mpira. Mtu katoka Bukoba au Kyela, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, anacheka. Ati mvua? Hapa?

Na hapo hapo ndipo anapokwenda kupanga chumba.

Hebu tupige hesabu kidogo. Dodoma hupata mvua ya milimita kati ya 500 na 600 kwa mwaka mzima, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Watu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa angalizo la mvua kubwa, wanamaanisha mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Kwa hiyo siku moja tu ya namna hiyo ni karibu sehemu ya kumi ya mvua ya mwaka, imemwagwa juu ya ardhi iliyopigwa jua miezi saba ikawa ngumu kama sakafu. Haizami. Inatafuta pa kwenda. Na tangu Serikali itangaze kuhamia huku mwaka 2016, mashamba mengi yamegeuka mapaa na lami, ndiyo maji yanazidi kukosa pa kupumzikia.

Halafu tunasahau jina lenyewe la mji. Wagogo wanasimulia kwamba tembo alikwenda kunywa maji akadidimia kwenye tope, watu wakasema "idodomya", yaani imezama. Mji uliopewa jina kwa sababu ya tope, sisi tunauita jangwa!

Kitu kingine ambacho mgeni hakijui ni kwamba korongo halisubiri mvua inyeshe kwako. Inanyesha vilimani huko, wewe uko kwenye jua unaanua nguo, mara unasikia mngurumo. Mwishoni mwa Desemba 2009 mvua ya uwanda huu ilishuka na mto Kinyasungwe, ikapiga Mpwapwa, ikaenda kufurika Kilosa na kung'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe. Tarehe 3 Desemba 2023, kaskazini mwetu, tope la Mlima Hanang liliingia Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Anga la juu ya kichwa chako halikupi habari yote.

Nilipokuwa mwanafunzi tulikuwa tumegawanyika: wa kilimani na wa bondeni. Wa kilimani ni wale wa hosteli, vitanda vya dabo deka, wengine wanalala mzungu wa nne kwa sababu rafiki kakosa nafasi. Hao mafuriko wanayasikia redioni. Shida yao ni upepo, maana dhoruba ya Dodoma inatanguliza upepo na vumbi kabla ya tone la kwanza, na dirisha lililovunjika kioo likazibwa kwa boksi halina ubavu. Umeme ukikatika, na maji ya bomba yanakata. Visima vya Makutupora vinasukumwa kwa umeme. Unakaa unatazama mvua ya mawe dirishani huku huna maji ya kuoga. Ndoo mbili zijazwe wingu likiwa bado jeupe.

Mimi nilikuwa wa bondeni, mtaa wa wapangaji, vyumba sita vinatazamana. Mwenye nyumba alikuwa amepaka rangi mpya, ila kuanzia chini hadi kiunoni tu, juu palibaki pa zamani. Sisi tulisifu usafi. Mzee mmoja jirani ndiye aliyetuambia, "Wajukuu zangu, hiyo rangi inaficha alama ya maji." Tulikuwa tumeshalipa kodi ya miezi sita.

Maji yalikuja Januari, saa tisa usiku, yakapita chini ya mlango kimya kimya kama mtu anayeogopa kuamsha wenye nyumba. Hakufa mtu. Lakini dada wa chumba cha tatu alikuwa ameweka vyeti vyake kwenye begi chini ya kitanda. Asubuhi alivianika kwenye kamba ya nguo, vimebanwa kwa vibanio, cha kidato cha nne na cha kidato cha sita. Wino wa muhuri ulikuwa umetapakaa. Alikaa chini yake siku nzima, anavigeuza. Ndugu zangu, mtoto wa mkulima mali yake yote ni zile karatasi mbili.

Kwa hiyo mdogo wangu anayeripoti mwaka huu nimempa masharti. Ndoo ya rangi ya lita 20, ile yenye mfuniko unaobana: vyeti humo, juu ya kabati, na nakala zake zipigwe picha zitumwe nyumbani. Miguu ya kitanda juu ya matofali. Ekstensheni itundikwe kwenye msumari, isilale sakafuni, na maji yakiingia asiguse soketi kwa mkono wala kwa mguu. Korongo likijaa hata magotini asivuke, boda asimdanganye. Mtihani una marudio.

Ila kubwa ni la Oktoba, kabla hajatoa hela. Aende na mtu wa mtaa huo, mama muuza maandazi au babu wa jirani, amsalimie vizuri, amwulize: mwaka ule wa mvua nyingi, maji yalipita wapi? Amwonyeshe kwa kidole. Halafu aangalie ukuta, rangi mpya imeishia wapi.

Jana kanipigia simu. Kapata chumba, bei nafuu kuliko vyote alivyoona, na kabla hajasema kingine nikamwuliza kwa nini ni nafuu. Kanyamaza kidogo. Kasema anarudi kuuliza.