Barua kwa Mpwa Kuhusu Kupima Nadhariatete

Mpwa mpendwa,

Nasaha hii inamhusu kijana aliyeingia katika masomo ya sayansi na kufika mahali pa kuchagua kati ya maelezo kadhaa ya jambo moja, ambayo yote kwa mtazamo wa kwanza yanafaa. Maelezo yanayotolewa ili yapimwe kwanza, ndipo yakubaliwe au yakataliwe, huitwa nadhariatete, na vitabu vya utangulizi kwa kawaida huorodhesha sifa za iliyo bora: ipimike kwa jaribio, isibebe dhana za ziada zisizohitajika, ieleze mambo mengi, na ipatane na yale ambayo sayansi imekwisha kuyathibitisha. Orodha hiyo ni sahihi, ila haisemi ni sifa ipi itangulie pale zinapovutana.

Mfano wa kutafakari hauko mbali. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba huko Tanganyika, aliingiza katika friza maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda mapema kuliko ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Msomaji makini ataona kwamba maziwa hayo yalitofautiana kwa mambo mawili, joto na kuchemshwa, na kwamba tukio lenyewe halikuweza kusema ni lipi kati ya hayo lililoleta tofauti. Baadaye swali lake kuhusu jambo hilo lilipokewa na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa maji.

Kabla ya hapo Mpemba aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, na pingamizi hilo halikuwa la kipuuzi, kwa kuwa msafiri anayetoka Dodoma kwenda Dar es Salaam sharti apite Morogoro alikoanzia mwenzake, na vivyo hivyo maji ya nyuzi 90 sharti yapite nyuzi 25 kabla ya kufika sifuri. Sifa ya kupatana na maarifa yaliyopo ilikuwa upande wa waliomkatalia. Hata hivyo hoja yao ilificha dhana moja, kwamba hali ya maji hufafanuliwa yote kwa namba moja ya kipimajoto, ilhali maji yaliyopoa kutoka nyuzi 90 yanaweza kutofautiana na yale yaliyoanzia nyuzi 25 kwa ujazo, kwa hewa iliyoyeyuka ndani yake, na kwa joto la juu na la chini ya chombo kutolingana. Kwa hiyo, panapotokea mgongano kati ya jambo lililoonekana na kanuni inayoaminika, inafaa kuuliza kwanza kanuni hiyo imedhani nini kimyakimya.

Nadhariatete zilizojitokeza zilikuwa nyingi: mvukizo unapunguza maji ya moto hivyo yanabaki machache ya kuganda, kuchemka kunatoa hewa, chombo cha moto kinayeyusha barafu ya friza na kugusana nayo vizuri zaidi, mzunguko wa maji, ambapo ya moto hupanda na ya baridi hushuka, unaharakisha upotevu wa joto. Ubora wa kazi ya Osborne ni kwamba hakuzipigia kura. Alitumia maji yaliyochemshwa muda mfupi kabla, hivyo suala la hewa likapungua nguvu. Aliweka bika juu ya povu la plastiki lisilopitisha joto, hivyo barafu ya chini ikakosa nafasi. Na alipotandaza utando wa mafuta juu ya maji, kuganda kukachelewa sana, ishara kwamba joto lilikuwa likipotea hasa kupitia juu. Kuhusu mvukizo, hapa hesabu ina kauli kubwa kuliko maneno, maana maji yanayopozwa kutoka nyuzi 100 hadi sifuri kwa mvukizo pekee hupoteza takribani asilimia 16 ya uzito wake, ilhali upungufu ulioonekana katika bika ulikuwa mdogo. Nadhariatete inayotaja mwelekeo bila kutaja kiasi ni rahisi mno kuitetea.

Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walipima muda wa maji kufikia nyuzi sifuri, wakahitimisha kwamba hawakuona ushahidi wa maana wa athari hiyo ya maji ya moto kuyatangulia ya baridi, na wakaonyesha kuwa kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kuizusha. Onyo hilo ni zito, lakini kufika sifuri siko kuganda, kwa sababu maji safi huweza kushuka chini ya sifuri yakiwa bado kimiminika, hadi fuwele ya kwanza ya barafu ijitokeze.

Juu ya jambo hilo mtafiti James Brownridge alikuwa amekwisha kujenga maelezo yake mwaka 2011: maji ya moto yatatangulia kuganda iwapo tu yale ya baridi yatapoa bila kuganda hadi angalau nyuzi 5.5 hivi chini ya kiwango ambacho ya moto yatafikia, na yasipofanya hivyo, ya baridi yatatangulia daima. Masharti yalipotimizwa, maji ya moto yalitangulia katika majaribio 28 kati ya 28. Mjomba anaiona nadhariatete hiyo ya Brownridge kuwa bora kuliko ile ya mwaka 2013 iliyotafuta sababu katika vifungo vya haidrojeni kati ya molekuli za maji, si kwa wepesi wake peke yake, bali kwa sababu inasema waziwazi ni lini athari haitatokea, na kwa njia hiyo inaeleza pia kwa nini wengi waliojaribu hawakuiona. Gharama yake ni kwamba joto la mwanzo linakaribia kupoteza cheo cha kuwa sababu, na swali linahamia kwenye chombo, vumbi na mikwaruzo ambapo fuwele huanzia.

Wasalaam,
Mjomba