Jino Lililoziba Njia

Mwanangu alitimiza miaka tisa akiwa na jino moja tu kubwa la mbele, taya la juu. La kushoto lilishaota zamani. La kulia halikuonyesha hata ncha. Kwa kawaida meno hayo mawili hupishana miezi michache tu, mtoto akiwa na miaka saba au minane.

Hapa Tanga mambo ya meno ya watoto hayachukuliwi kirahisi. Wazee walimwogopa kigego, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, wakiamini ana mkosi, na woga ule haujatoka wote mioyoni mwa watu. Jirani akanishauri niende kwa mganga. Hayo niliyavumilia. Kilichonikondesha ni mtoto mwenyewe. Alikuwa muimbaji wa kaswida madrasa, mstari wa mbele. Akaanza kuimba huku kaziba mdomo kwa kiganja, mwisho akaacha kabisa. Akichekeshwa, anageukia ukutani. Mtoto kujifunza kuficha kicheko ni uchungu nisiomwombea mzazi yeyote.

Zahanati walisema tusubiri, litaota. Tukasubiri, wapi. Ndipo tukafika kwa daktari wa meno, akaagiza picha ya eksirei, akaiinua kwenye mwanga na kunionyesha kwa ncha ya kalamu. Jino letu lilikuwepo, zima, limekwama juu ndani ya mfupa. Chini yake, upande wa kaakaa, palikuwa na kijino kifupi, kinene, umbo la pipa.

"Mama, hili ni jino la ziada," akasema. "Halikutokana na ulichokula wala ulichofanya."

Nililia pale pale kwenye kiti.

Akanieleza taratibu. Katika kila watu mia, mmoja hadi watatu huwa na meno ya ziada, na wavulana ni kama mara mbili ya wasichana. Mara nyingi huwa ni jino moja, katikati ya taya la juu, na mengi hubaki ndani ya mfupa, ndiyo maana jicho tupu haliyaoni. Yaliyochongoka aghalabu huyasukuma meno jirani yakapinda au yakaachana. Haya ya umbo la pipa ndiyo hasa huzuia jino lisishuke. Kisha akampapasa mwanangu mifupa ya mtulinga, mmoja baada ya mwingine. Upo ugonjwa wa nadra wa kuzaliwa nao ambao mtulinga haukui sawasawa na meno ya ziada huwa mengi. Yake ilikuwa mizima, alhamdulillahi.

Akamweleza mtoto habari za Freddie Mercury, mwimbaji aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, ambaye alikuwa na meno manne ya ziada nyuma ya kinywa na hakutaka kuyaondoa kwa kuhofia sauti yake ingebadilika. Mwanangu akafungua mdomo kwa mara ya kwanza siku ile: "Na yangu je?" Daktari akamhakikishia kwamba sauti yake haitaguswa.

Fedha nilikopa kwenye kikoba. Alichomwa sindano ya ganzi, ufizi wa kaakaani ukafunuliwa, mfupa ukakwanguliwa kidogo, kijino kikatoka, akashonwa. Nilikuwa nimemshika miguu. Siku zilizofuata alikunywa uji uliopoa na kusukutua kwa maji ya chumvi.

Hapo subira ilianza upya, maana kuondoa kizuizi si kuota jino. Lililokwama huweza kushuka lenyewe kama nafasi ipo, ila huchukua miezi, pengine zaidi ya mwaka. Likigoma, hufungwa kishikizo na kuvutwa polepole kwa waya. La mwanangu lilishuka lenyewe. Asubuhi moja alinivuta mkono hadi mlangoni penye mwanga, akapandisha mdomo wa juu: ufizi umevimba, na chini yake mstari mweupe mwembamba kama uzi.

Limeota limepinda kidogo, naye halimsumbui. Kaswida amerudia. Mdogo wake sasa ameanza kung'oka meno ya utoto, na kwa kuwa hali hii huweza kupita ndani ya familia, nimeshapanga miadi kwa daktari yuleyule.