Baisikeli ya Marehemu Baba na Vyuma Viwili Vidogo

Waalimu wenzetu wakaao mashamba hawana haja ya kuelezwa urefu wa njia, maana miguu yao wenyewe imekwisha kuupima. Sisi tuandikao habari hii twakaa karibu na mji wa Muheza, katika Mkoa wa Tanga, na shule tufundishayo iko umbali wa kilomita 11, upande wa milima ya Usambara Mashariki. Kilomita 9 za kwanza ni njia nzuri ipitayo kati ya michungwa. Kilomita 2 za mwisho ni mlima mtupu. Kwa miaka 14 tuliupanda mlima huo kwa baisikeli aliyotuachia marehemu baba, Phoenix nyeusi ya chuma kizito. Lakini mwaka 2022 goti letu la kulia lilianza kuuma. Kwanza tukawa twashuka na kuikokota baisikeli. Kisha tukawa twafika shuleni kipindi cha kwanza kimekwisha kuanza, nao wanafunzi wamekaa kimya wakitutazama jasho.

Tukafikiri la kufanya. Kupanda pikipiki kila siku, kwenda na kurudi, kungekula sehemu kubwa ya mshahara. Kuhamia karibu na shule hakukuwezekana, kwa kuwa mama yetu mzee yu pamoja nasi, wala hataki kuliacha shamba lake. Basi tukaandika barua ya kuomba uhamisho. Lakini katika shule ile hapana mwalimu mwingine wa Fizikia ila sisi. Barua tukaikunja, tukaitia ndani ya kitabu, tukawa kila juma twasema tutaipeleka juma lijalo.

Wakati huo tukasikia kwamba yapo masanduku yauzwayo Dar es Salaam, yenye vyombo vyote vya kuigeuza baisikeli ya kawaida iende kwa umeme. Tukaweka akiba, na katika likizo ya Julai, mwaka 2023, sanduku letu likaletwa kwa basi.

Ndani yake mlikuwa na vitu vitano vikubwa. Cha kwanza ni mota, nayo haifanani na mota ya mashine ya kusaga. Ni kama kitovu kinene cha gurudumu, kile ambacho mafundi hukiita habu. Ndani yake mna sumaku na nyaya zilizosokotwa, na umeme upitapo katika nyaya hizo, ganda la nje huzunguka pamoja na gurudumu zima. Cha pili ni betri. Cha tatu ni kisanduku cha kuuamuru umeme uende mwingi au mchache. Cha nne ni mshiko wa usukani ambao ukizungushwa mota huamka, na ukiachwa hurudi wenyewe na mota hulala. Cha tano ni chaja. Pamoja na hivyo kulikuwa na mfuko mdogo wa nati, na vyuma viwili bapa, virefu kama kidole, vyenye tundu upande mmoja. Wasomaji wetu na wavikumbuke vyuma hivyo.

Huenda mtu akauliza kama chombo kidogo namna hii chaweza kweli kumpandisha mtu mlimani. Na tufanye hesabu kama tufanyavyo darasani. Sisi na baisikeli na mzigo wetu twapata kilo 100. Mlima wetu wapanda kiasi cha mita 120. Kuinua kilo 100 mita 120 kwahitaji jouli 117,600, yaani wati-saa 33 hivi. Betri yetu ni ya volti 36 na ampea-saa 10, nayo hubeba wati-saa 360. Hata tukikadiria kwamba sehemu ya nguvu hupotea kwa joto, mlima wote haumalizi ila kama sehemu moja katika nane ya betri. Tena, tukiupanda kwa dakika 10, kazi hiyo yataka wati 196 kwa kuinua tu. Mtu mzima mwenye afya, akiendesha baisikeli kwa muda mrefu bila kujichosha, hutoa wati 75 au 100. Mota yetu ni ya wati 250. Hapo twaona kwamba mota na miguu vikishirikiana, mlima hushindwa. Na kuijaza betri hiyo usiku hakuhitaji hata nusu ya uniti moja ya umeme.

Wala jambo hili si geni duniani. Mwaka 1895 Mmarekani mmoja, jina lake Ogden Bolton, aliandikishiwa haki ya uvumbuzi wa baisikeli yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma. Kilichokosekana siku hizo kilikuwa betri nyepesi. Betri za risasi zilikuwa nzito mno, hata nguvu nyingi ilikwisha kwa kujibeba zenyewe. Betri za ioni za lithiamu zenye kuchajiwa tena zilianza kuuzwa mwaka 1991, na ndizo zilizoufanya uvumbuzi wa kale uwafae watu wenye njia ndefu kama sisi.

Kazi ya kufunga tulimpelekea fundi mmoja mzee, ambaye amekuwa akitengeneza baisikeli chini ya mwembe tangu sisi tukiwa watoto. Hakupata kuona mota kama ile maishani mwake. Aliigeuza-geuza, akahesabu matundu yake, akahesabu matundu ya rimu yetu ya zamani, akaona yanalingana. Kwa kuwa mota ni nene kuliko habu ya kawaida, spoki za zamani zilikuwa ndefu mno. Basi akazikata moja moja na kuzitia nyuzi upya. Akalisuka gurudumu kutwa nzima, akalinyosha hata lisiyumbe hata kidogo. Kisha akatanua kidogo panda ya mbele, ile iitwayo foku, akaliingiza gurudumu mahali pake.

Alipokwisha kukaza nati, aliviona vile vyuma viwili vimebaki mfukoni. Akatuuliza, “Mwalimu, na hivi vina kazi gani?”

Tukamjibu, “Mzee, hivyo si kitu. Havilingani na panda yetu, na nati zimekaza vya kutosha.”

Akavishika mkononi, akasema, “Mimi sijasoma, Mwalimu. Lakini aliyetengeneza chombo hiki hakutia chuma cha bure. Niachie hata kesho, nitavichonga vikae.”

Jua lilikuwa likishuka, nasi tulikuwa na hamu ya kuipanda baisikeli yetu. Tukamshukuru, tukamlipa, tukavitia vile vyuma mfukoni mwa koti.

Majuma mawili ya kwanza yalikuwa ya furaha isiyo na kifani. Tulifika shuleni kabla ya kengele, shati kavu. Watoto wa njiani walitukimbilia wakipiga makelele, maana waliiona baisikeli ikipanda mlima nasi tumekaa wima kama bwana harusi. Jioni moja tuliichukua ile barua ya uhamisho tukakusudia kuichana; lakini jambo likatuita, tukairudisha kitabuni.

Katika juma la tatu tulimchukua mpwa wetu, mtoto wa miaka 9, asomaye katika shule ya msingi iliyo jirani na yetu. Alikaa nyuma kwenye keria, ametushika kiunoni. Tulipofika katikati ya mlima tuliona mwendo umepungua kwa uzito wa watu wawili. Basi tukauzungusha mshiko hata mwisho. Mara ukasikika mlio kama wa chuma kinachovunjika, gurudumu la mbele likainama upande, usukani ukatuponyoka, tukaanguka sote wawili.

Sisi tulichubuka viganja tu. Mtoto alipasuka kidevu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeteguka. Hakulia mara moja. Alituuliza tu, “Mjomba, baisikeli imefanya nini?” Hatukuwa na jibu. Tulimbeba mgongoni hata zahanati, akashonwa nyuzi tatu. Dada yetu alipokuja hakutulaumu. Alimpangusa mwanawe vumbi usoni, akasema, “Pole, kaka.” Neno hilo lilituuma kuliko lawama.

Jioni tuliitazama baisikeli. Mhimili wa mota ulikuwa umezunguka ndani ya mipasuo ya foku, ukaitanua, ukakata nyaya zake wenyewe, na gurudumu lilikuwa limetoka nusu. Laiti jambo hilo lingetokea katika njia ya tambarare, ambako twakimbia kilomita 25 kwa saa na malori yapita karibu, leo pengine tusingeandika.

Na sababu yake? Wasomaji, twaona haya kuieleza, lakini yafaa tuieleze. Kila mwaka sisi huwafundisha wanafunzi wa kidato cha pili sheria ya tatu ya Newton, iliyochapwa katika kitabu chake cha mwaka 1687: kwamba kila nguvu ina nguvu nyingine iliyo sawa nayo, ielekeayo upande wa pili. Katika gurudumu la kawaida mhimili hauna kazi ila kubeba. Lakini mota isukumapo gurudumu lizunguke mbele, mhimili nao husukumwa uzunguke nyuma kwa nguvu ile ile. Nati peke yake hazitoshi kuuzuia, kwa kuwa mipasuo ya foku haikuumbwa kwa kazi hiyo. Vile vyuma viwili vidogo, upande mmoja huushika mhimili, upande wa pili hufungwa katika mguu wa foku, ndivyo viuzuiavyo. Sheria tuliijua kwa moyo, na tuliiandika ubaoni kwa chaki nyeupe. Yule mzee asiyeisoma ndiye aliyeitii.

Juma lililofuata tuliupeleka mhimili ule darasani pamoja na foku iliyopasuka. Mwanafunzi mmoja aliwahi kutuuliza mwaka uliopita, “Mwalimu, sheria hii inamfaa mtu nini?” nasi tukamjibu kwamba itamfaa katika mtihani. Safari hii tuliweka vyuma mezani, tukaeleza kila kitu kama kilivyotokea, hata maneno ya fundi, hata kidevu cha mtoto. Darasa likawa kimya. Hatujapata kuwa na kipindi kilichosikilizwa namna ile.

Kisha tukarudi chini ya mwembe. Tulimwamkia mzee, tukamwomba radhi. Akaitikia marahaba, akaangua kicheko kidogo, akasema, “Leta vile vyuma.” Alitia foku mpya ya chuma, akavichonga vyuma vikae sawasawa pande zote mbili, akabadili na raba za breki, maana alisema chombo chenye kwenda upesi lazima kijue na kusimama. Tangu siku hiyo kila Jumamosi huzipima nati kwa spana yake, wala hataki malipo kwa kazi hiyo.

Kwa wenzetu wanaotaka kufanya kama sisi, twasema haya machache. Foku na iwe ya chuma madhubuti, na vyuma vya kuzuia mhimili visiachwe kamwe. Betri ichajiwe kwa chaja yake yenyewe, mahali pasipo vitu vya kushika moto, na mwenyewe awe macho. Betri ya lithiamu iliyotobolewa au kuchajiwa vibaya huwaka moto ulio mgumu kuuzima. Isiachwe juani, wala baisikeli isipitishwe katika maji marefu. Mjue tena kwamba betri huzeeka. Baada ya kuchajiwa mamia ya mara hubeba kidogo kuliko ilivyokuwa mpya, basi akiba ya kununua nyingine ianze mapema.

Mpwa wetu amepona, ila alama ya kidevuni ipo. Miezi miwili alikataa kupanda. Siku moja akaja mwenyewe, akainama akavitazama vile vyuma viwili, akaviguguna kwa kidole, kisha akakaa kwenye keria. Na ile barua ya uhamisho haikupelekwa. Nyuma yake tumechora picha ya mhimili na mishale miwili, mmoja waenda mbele na mmoja waenda nyuma, nayo twaitumia kufundishia kila mwaka.